Mstari Uliozidi Mizani

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda Igogo kulichukua jiwe la kusagia la bibi yangu, na tangu siku hiyo sijatulia. Hapa nilipo nakuandikia nimesimama, daftari nimeliweka juu ya friji, kwa sababu nikikaa dakika tano tu miguu inaninyanyua yenyewe. Leo nimefagia uwanja mara mbili. Nimeanua nguo ambazo hazijakauka, nikazianika tena. Ungekuwa karibu ungeniambia nikanywe maji nikalale, nami ningekujibu vibaya, halafu ningekuomba radhi jioni.

Jiwe lenyewe nililikuta bafuni. Nyumba ya bibi sasa ina wapangaji, vyumba sita vya watu nisiowajua, na mmoja wao alikuwa ameligeuza juu chini akalifanya pa kukanyagia wakati wa kuoga, ili miguu isiguse maji machafu. Hakuwa na kosa. Alikuwa mama mpole mwenye mtoto mgongoni. "Samahani, mama, nilijua ni jiwe tu," akaniambia, akanisaidia kuligeuza. Lile bonde la katikati, lililochimbwa na mikono ya wanawake watatu kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu, lilikuwa limejaa sabuni iliyoganda. Nililisugua pale pale bombani kwa mchanga, kisha nikatafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kulibeba mpaka kwangu Kiseke. Dereva akaniuliza kama Kiseke mawe yamekwisha. Sikumlaumu. Mwanza hii kila nyumba imekaa juu ya jiwe au chini ya jiwe, na mimi nilikuwa nalipia jiwe nauli.

Sababu ni hii. Binti yangu amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Na kwa akina mama wa ukoo wetu, waliotoka Ukerewe, mzazi hukalishwa siku moja, mchana, akanyweshwa uji wa ulezi uliosagwa kwa mkono, wanawake wakiwa wamemzunguka. Sijui kama ni desturi ya Wakerewe wote au ni ya nyumba yetu tu. Sijawahi kumwuliza mtu wa nyumba nyingine, labda kwa kuogopa kuambiwa ni yetu tu. Anayesaga ni mama wa mzazi, na anaposaga huimba. Wimbo ni mmoja. Kila mwanamke aliyelirithi jiwe lile aliweka ndani ya wimbo mstari wake mmoja, wa jambo lililompata yeye, na anayekuja baadaye sharti aipitie yote kwa mpangilio wake kabla ya kuweka wa kwake. Mstari hauna tarehe, unauweka siku unapokujia. Baada ya kila mstari waliokaa huitikia maneno mawili, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: "Jiwe, pokea."

Safari hii wa kuongoza nilikuwa mimi. Na mstari wa tatu, mstari wa bibi, sikuwa nao. Niliupoteza mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Ngoja nikupeleke Igogo ile, ndiyo utaelewa kwa nini nazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na mwamba mpana uliolala, ukubwa wa chumba na sebule, na juu ya mwamba ule ndiko tulikoishi hasa. Ndani tulikwenda kulala tu. Asubuhi bibi aliteremka ziwani kununua dagaa wabichi, akarudi na beseni kichwani maji yakimchuruzika shingoni, akawamwaga juu ya mwamba na kuwatandaza kwa ufagio wa njukuti. Kufika saa nne mwamba ulikuwa unameta wote, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mgeni aliziba pua, sisi tukimwona ana maringo. Upande wa pili tulianika udaga, vipande vya muhogo vilivyovundikwa mpaka vikaota ukungu, na hiyo nayo ilikuwa harufu nyingine. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo kuwafukuza korongo, wale ndege wakubwa wenye upara ambao husimama kama wazee kwenye kikao halafu ghafla wakakuibia. Treni ikipiga honi kule stesheni nilijua ni saa ya kugeuza dagaa. Wingu likipanda juu ya ziwa nilipiga kelele, na bibi alitoka mbio, kitenge kimefungwa kiunoni, tukaanua kila kitu kabla ya tone la kwanza.

Nilikuwa naye peke yake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Ninamjua kwa picha moja, ambamo hata hivyo ameangalia pembeni, kama mtu aliyeitwa wakati ule ule mpiga picha anabonyeza.

Karibu kila Jumamosi bibi alisaga. Mashine ilikuwepo, hatua mia mbili tu kutoka kwetu, na jirani yetu, mama wa Kisukuma mwenye ulimi usio na breki, hakuacha kumtania: "We mama, mashine inakuita kwa jina, hujasikia tu!" Bibi alijibu kila mara kwa maneno yale yale: "Mashine inasaga, haisikilizi." Unga wa ugali aliupeleka mashine kama watu wote. Ulezi wa uji ndio aliusagia kwenye jiwe. Alipiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, akashika lile jiwe dogo la mkononi, akaanza kwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, mgongo ukifuata mikono. Mimi nilikaa upande wa pili na unyoya wa kuku wa kufagilia unga usimwagike nje. Hapakuwa na wanawake wa kuzunguka siku hizo za kawaida. Mwitikiaji nilikuwa mimi.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa bibi yake bibi, yule aliyekuja na jiwe kwenye mtumbwi siku alipoolewa kisiwa kingine. Nakuwekea kwa Kiswahili: "Nilivuka ziwa na jiwe mapajani, mume akauliza ameoa mtu au ameoa jiwe." Bibi alicheka kila alipoufikia, kila Jumamosi, kana kwamba mume yule ameuliza jana. Jiwe, pokea. Wa pili ulikuwa wa mama yake: "Njaa ilipofika nilisaga mbegu, Mungu, geuka usinitazame." Hapo hakucheka. Kwa muda mrefu sikuelewa ubaya wa kusaga mbegu, maana kwangu mbegu ilikuwa chakula kama chakula kingine. Bibi alinieleza siku moja kwamba ukila mbegu mwaka huu, mwakani unapanda nini. Nikasema lakini walipona. "Ndiyo," akasema, "walipona waliopona." Jiwe, pokea.

Halafu ulikuja wa tatu, wa kwake. Ulikuwa mrefu. Kabla ya kuuanza alivuta pumzi, na katikati alivuta nyingine, na jiwe lilipunguza mwendo. Kikerewe changu kilikuwa cha mtoto wa mjini, nashika neno la kwanza na la mwisho, ya katikati yananipita. Nilijua mahali pa kuitikia, na hiyo ilinitosha. Nilikuwa na haraka ya uji.

Mwalimu wetu wa Kiswahili darasa la tano alikuwa mtu mwembamba mwenye mapenzi makubwa na mashairi. Nampenda mpaka leo, nakwambia mapema usije ukadhani namsema vibaya. Alitufundisha mizani kwa kugonga dawati kwa kipande cha chaki, kumi na sita kila mshororo, nane huku na nane huku, na aliyezidisha alisimama. Aliamini kwamba nyimbo za nyumbani kwetu zina mali ndani yake, jambo ambalo walimu wengi hawakulifikiria wakati ule. Tatizo lake ni kwamba aliamini pia zimetoka nyumbani bila kuoga. "Zileteni," alituambia, "tuzifundishe adabu." Shairi litakaloshinda lingesomwa Siku ya Wazazi.

Nikaandika wimbo wa bibi kwenye karatasi ya katikati ya daftari, Kikerewe upande mmoja na Kiswahili changu upande mwingine. Mistari miwili ya kwanza niliijaza pande zote. Wa tatu niliuandika kwa Kikerewe tu, jinsi nilivyousikia, nikaacha upande wa Kiswahili wazi ili nimwulize bibi jioni. Mwalimu alipita kabla ya jioni. Akasoma, akafurahi, akaanza kuhesabu ule wa tatu kwa vidole. Vidole vikaisha, akarudia.

"Huu umezidi mno," akasema. "Unasema nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi kama hujui, hautakuuma. Ukate."

Nikaukata kwa rula na wino, mistari miwili iliyonyooka, nikiona fahari jinsi ilivyonyooka. Jioni sikumwuliza bibi, maana sikuwa na haja tena. Mwalimu alinisaidia kuziba pengo, na ubeti ukatoka hivi:

Ziwa lote nikavuka, na jiwe langu pajani,
Njaa kuu ikafika, mbegu zikenda jiweni,
Mikono ikachubuka, sikulia hadharani,
Elimu ndiyo silaha, tusome tujenge nchi.

Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka nikiwa na nguvu. Mikono ya bibi haikuwahi kuchubuka; ilikuwa migumu kama soli. Na elimu ilivyoingia kwenye jiwe la kusagia anajua mwalimu. Lakini mizani ilitimia, vina vililingana isipokuwa kibwagizo, ambacho mwalimu alisema kina ruhusa yake, na shairi likashinda.

Bibi alikuja Siku ya Wazazi amevaa kitenge cha kanisani, akakaa benchi la mbele na jirani yule yule. Nilipotamka mstari wa kwanza niliona uso wake unafunguka. Akampiga jirani kiwiko. "Huyo ni bibi yangu!" akasema kwa sauti, watu wakageuka. Wa pili akainamisha kichwa. Kisha akakiinua, akavuta pumzi. Niliiona ile pumzi. Ilikuwa ile ile ya Jumamosi, ya kuingilia mstari mrefu, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kusogea. Mimi nikasema mikono ikachubuka. Halafu shule nzima, kama tulivyofundishwa, ikapaza kibwagizo pamoja nami, elimu ndiyo silaha, na makofi yakafuata, na bibi akabaki ameshika pumzi yake kifuani mpaka akaiachia taratibu kwa pua.

Nilipewa mche wa sabuni na daftari kubwa la jalada gumu. Njiani bibi aliubeba ule mche. "Umesema vizuri," akaniambia. Sikumwuliza lolote, kwa sababu tayari nilijua nimefanya kitu, ila sikujua jina lake.

Jumamosi iliyofuata alisaga kama kawaida. Mstari wa kwanza, akacheka. Wa pili. Alipofika kwenye wake, akanyamaza. Mikono haikusimama. Jiwe lilikwenda na kurudi kwa urefu ule ule wa mstari wake, polepole, hata mahali pa kuvuta pumzi alivuta. Kisha akachota gao lingine la ulezi na kuendelea na saga ya kawaida, isiyo na maneno. Mimi nilikaa na unyoya wangu mkononi, kimya. Niliona ndiyo heshima. Na ikawa hivyo Jumamosi zote zilizobaki, miaka yote, mpaka nilipoondoka kwenda chuo kusomea ukarani.

Utaniuliza ile karatasi ilikwenda wapi. Bibi hakujua kusoma, na dagaa aliwauza kwa kopo, akawafunga kwenye karatasi. Madaftari yangu yaliyokwisha ndiyo yalikuwa karatasi zake. Nilipokumbuka kulitafuta lile la darasa la tano, lilikuwa limeshaondoka lote, jani moja moja, na sijui ni nyumba gani hapa Mwanza ilikula dagaa waliofungwa kwa mstari wa bibi yangu.

Nilimwuliza mara moja tu. Nilikuwa nimekuja likizo, yeye anaumwa miguu, ameketi juu ya mwamba juani. Nikasema, bibi, ule mstari wako ulikuwa unasemaje. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akaniambia nikapashe furu waliobaki, wale samaki wadogo wa ziwani, na nilipotoka jikoni alikuwa amesinzia. Mwaka uliofuata tukamzika. Nilipojifungua mimi mwaka mmoja baadaye, hapakuwa na wa kunisagia. Dada yake mama, mama mkubwa, alikuwa Ukerewe, na ziwa lilikuwa limechafuka wiki nzima. Mama mdogo alikuwa anauguza. Nikanywa uji wa pakiti kama watu wengine. Mama mkubwa alizaa wavulana watupu, mama mdogo hakuzaa, kwa hiyo jiwe lilikaa bila kazi miaka thelathini, mpaka likaishia bafuni.

Sasa nikwambie kinachoninyanyua kitandani. Nimekuwa mtu mzima, nimezika watu, na siku moja tu katika kuosha vyombo ikanijia: bibi alizaa mabinti watatu, akazika mmoja. Angeweka nini kingine kwenye mstari wake? Ule mstari lazima ulikuwa wa mama yangu. Nilimkata mama yangu kwa rula, nikapewa sabuni. Wazo hilo likikushika, ndugu yangu, hutakaa kwenye kiti.

Basi wiki ile, tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, nilihangaika kama mtu aliyepoteza hati ya kiwanja. Nilianza na yule jirani, ambaye bado yupo Igogo, mzee sasa, macho yamefifia lakini ulimi ni ule ule. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza kama anakumbuka alichokuwa anaimba bibi ng'ambo ya ua. "Nitaachaje kukumbuka?" akasema. "Ule mrefu ulikuwa wa ng'ombe. Waliokufa kwa kiangazi, mmoja mmoja, wanamwangalia mtu machoni." Nikamshukuru, nikaondoka na jiwe langu. Bibi hakuwahi kuwa na ng'ombe.

Mama mkubwa nilimpigia simu Ukerewe. Simu yake ni ya kupiga kelele, kila neno mara mbili. "Ulikuwa wa moto, mwanangu! Wa moto! Nyumba imeungua na yeye yuko shamba, anaona moshi anadhani ni wa jirani!" Nikaandika. Nilipokata simu ndipo nilipokumbuka ni nyumba ya nani iliyoungua. Ya kwake, mama mkubwa, mimi nikiwa darasa la saba.

Mama mdogo nilimfuata Nyegezi, anakouza chai na maandazi karibu na stendi ya mabasi. Hakuhitaji hata kufikiri. "Wa mwanamume," akasema, anafuta meza. "Anayepanda gari anakwambia narudi Ijumaa. Ijumaa ngapi sasa." Mume wake alipanda basi stendi ile ile, na huko alikokwenda nasikia ana wajukuu. Nikamwambia, mama, bibi wakati ule alikuwa hajawahi kupanda hata basi. Akanikasirikia. "Wewe unajua au nakujulisha? Mimi nilikuwa naitikia kabla hujazaliwa!"

Nilirudi nyumbani na mistari mitatu, yote ya kweli, na hakuna hata mmoja wa bibi. Hawakunidanganya. Kila mmoja aliapa, na ningempeleka mahakamani angeapa tena. Pale pengo lilipo kila mmoja alikuwa ameweka cha kwake, bila kujua, kwa sababu miaka mingi alikuwa anakihitaji mahali. Na jioni ile, nikipeta ulezi kwa ajili ya kesho, ikanijia kwamba na mimi je? Nani aliniambia ulikuwa wa mama yangu? Sikuwa na hata neno moja la ushahidi. Nilikuwa nimeweka cha kwangu kama wao. Hilo halikunituliza, usidhani. Nilizidi kuhangaika, maana sasa hata hatia yangu sikuwa na hakika nayo.

Binti yangu, aliyehamia kwangu kwa ajili ya uzazi, alikuwa ananitazama kutoka mlangoni, mtoto begani. "Mama, kaa basi. Tangu Jumatatu unazunguka tu. Mimi ndiye nimezaa, wewe ndiye huna usingizi." Nikamwambia asijali, ni mambo ya zamani. Yeye Kikerewe hajui hata cha kuombea maji. Anafanya kazi mapokezi hotelini, ana lugha zake za wageni, na mambo ya jiwe aliyakubali kwa kunihurumia, niliona wazi.

Jumamosi walikuja. Mama mdogo na sufuria la maandazi, ameshasahau hasira. Majirani zangu watatu wa Kiseke. Na mama mkubwa kwenye simu, imewekwa sauti kubwa juu ya kigoda, anauliza kila baada ya dakika kama tumeanza. Tulikaa uwanjani nyuma, saa tisa, jua limepungua. Binti yangu tulimkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, mtoto amelala mapajani mwake. Nilipiga magoti. Magoti yangu si ya kusaga, nakiri, yalilalamika kabla ya ulezi. Nilichota gao la kwanza, nikasukuma jiwe, na ule mkwaruzo uliponifika masikioni nikawa na miaka kumi na mmoja na hamsini na kitu kwa pamoja.

Niliamua kuimba kwa Kiswahili ili binti yangu asiachwe nje. Nilivuka ziwa na jiwe mapajani. Wakacheka, wakaitikia. Njaa ilipofika nilisaga mbegu. Wakaitikia taratibu, na kwenye simu mama mkubwa akaitikia nyuma yetu, amechelewa kidogo. Kisha nikafika kwenye wa tatu. Nilikuwa nimepanga kusema wa mama yangu, nilikuwa nimeutunga usiku kucha, na mdomo ukakataa. Nikanyamaza. Mikono ikaendelea, mbele na kurudi, polepole. Wakawa wananingoja. Mama mdogo akakohoa.

Ndipo binti yangu akasema. Hakuimba, alisema tu, na macho yake yalikuwa kwa mtoto, si kwangu.

"Wa kwanza aliondoka kabla sijamwambia mama; Jumatatu nikarudi kazini, nikacheka na wageni mapokezini."

Mikono yangu ilisimama. Wa kwanza yupi? Mimba ipi hiyo? Nilianza kuhesabu kichwani, mwaka jana, mwaka juzi, zile siku nne alizoniambia ana malaria, nikamtumia ndimu kwa bodaboda na kumwambia apumzike. Tunaishi mji mmoja. Tunapigiana simu kila siku ya Mungu. Wiki nzima nilikuwa nimewakimbilia watu, Igogo, Nyegezi, mpaka ng'ambo ya ziwa, nikitafuta mstari wa mtu aliyekufa, na huyu alikuwa chumba cha pili akiniambia nikae. Nikaacha jiwe nikataka kusimama nimwendee.

Mama mdogo akanishika bega, akanikandamiza chini. Ana mkono mzito yule mama.

"Itikia kwanza," akasema.

Wakaitikia wote, hata majirani walioyajua maneno yale kwa nusu saa tu, hata mama mkubwa ambaye nina shaka kama alisikia vizuri. Jiwe, pokea. Sauti yangu ilitoka mwisho, imekatika katikati. Na binti yangu alifumba macho akaegemeza kichwa ukutani, akashusha pumzi ndefu, akaomba maji ya kunywa. Baadaye tuliongea, mimi na yeye, na tuliyoongea ni yake.

Mwamba wa Igogo umepasuliwa, nilisahau kukwambia. Uliuzwa kokoto, na pale tulipoanika dagaa sasa pana choo cha wapangaji. Furu wa kukausha huwaoni tena sokoni. Mstari wa bibi nao umekwenda, na simu nimeacha kupiga. Lakini hicho sicho kinachonisimamisha hapa kwenye friji usiku na mchana. Ni kwamba mbele ya ule ukimya wake nilikaa miaka saba, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikijua kabisa unaanzia wapi na unaishia wapi. Nilikuwa mwitikiaji wake, hakuwa na mwingine. Alivuta ile pumzi ya pili, akamaliza, akangoja kidogo kabla ya kuchota gao lingine, kidogo tu, kwa urefu wa maneno mawili. Nami nilikaa na unyoya wangu, nafagia unga. Hakuna aliyenikataza kuitikia.